Vyuma Vikikaza, Punguzo la Kodi Libaki au Lisogezwe? Namna ya Kuipima Hoja Kabla ya Kuisimamia

Sheria hupitishwa mwaka wa neema: kiwango cha kodi kitashuka mwaka huu, kitashuka tena mwakani, na mwaka wa tatu kitashuka kwa mara ya mwisho. Katikati ya ratiba mambo yanaharibika. Shehena zinapungua bandarini, bei ya mkonge inaanguka, wateja wa Ngamiani mjini Tanga wanauliza bei na kupita. Hapo ndipo ubishi unapoanza. Wapo wanaosema punguzo liachwe liendelee kwa sababu watu hawana hela, na wapo wanaosema lisimamishwe kwa sababu serikali nayo haina hela. Wote wamesema kweli, na ndiyo maana ubishi wenyewe haufiki popote.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Tanga atakayelazimika kushika upande: kiongozi wa wafanyabiashara, diwani, mwalimu anayeandaa mdahalo, kikundi kinachotaka kupeleka maoni Dodoma. Utahitaji kalamu, simu yenye kikokotoo, nakala ya sheria yenyewe na siku mbili tatu za kuuliza watu. Hesabu zake ni za shule ya msingi. Watu wengi hukwama kwa sababu huchagua upande kwanza, halafu wakatafuta hesabu ya kuupamba.

Jua kwanza mnabishania nini

Chini ya jina moja la "punguzo lililopangwa" kuna mambo matatu yasiyofanana.

La kwanza ni punguzo ambalo watu tayari wanalila na lina tarehe ya kuisha. Hili ndilo lililowakuta Marekani mwaka 2010: viwango vilivyoshushwa kwa sheria za 2001 na 2003 vilikuwa vinakoma mwishoni mwa mwaka huo, na uchumi ulikuwa bado haujainuka baada ya msukosuko wa 2008. Kuliacha punguzo la aina hii life kwa tarehe yake ni sawa na kupandisha kodi, hata kama hakuna aliyepiga kura ya kuipandisha.

La pili ni punguzo lililoahidiwa ambalo halijaanza. Kulisogeza mbele hakumwondolei mtu shilingi aliyokwisha kuizoea. Anayeumia ni mwenye biashara aliyekopa au kuagiza mtambo akitegemea tarehe ile.

La tatu ni kodi iliyopangwa kupanda. Japani ilipanga kupandisha kodi ya matumizi kutoka 8% hadi 10% Oktoba 2015, ikaisogeza hadi Aprili 2017, ikaisogeza tena, na ikaanza kutozwa Oktoba 2019.

Hatua yako ya kwanza, basi, ni kufungua sheria na kutafuta mambo manne: kifungu kinachotaja kiwango, tarehe ya kuanza, tarehe ya kukoma kama ipo, na ni nani anayeruhusiwa kubadilisha. Kwetu viwango hubadilishwa karibu kila mwaka kupitia Sheria ya Fedha, na Katiba, ibara ya 138, inataka kodi itozwe kwa mujibu wa sheria. Mapunguzo yetu mengi hayaandikiwi tarehe ya kukoma. Ukisikia mtu anasema "punguzo linaisha Juni", mwombe akuonyeshe kifungu. Mara nyingi alichokiona ni pendekezo lililotajwa kwenye hotuba.

Shilingi ngapi, na inaingia mfuko wa nani

Hapa ndipo penye nyama, na hapa ndipo midahalo mingi hupita mbio. Usiseme "punguzo la asilimia moja". Sema shilingi ngapi kwa mwezi, kwa nani.

Chukua punguzo la PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, lililoanza Julai 2021. Kiwango cha chini kilishuka kutoka 9% hadi 8%. Mshahara unaotozwa kodi hadi 270,000 kwa mwezi haukatwi kitu, na kile 8% kinatozwa kwenye sehemu iliyo kati ya 270,000 na 520,000. Fanya hivi:

1. Toa mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii kwenye mshahara. Mwenye 500,000 akikatwa 10% anabaki na 450,000, na hiyo ndiyo inayotozwa kodi.
2. Toa 270,000. Inabaki 180,000.
3. Zidisha kwa 1%. Nafuu yake ni 1,800 kwa mwezi.

Rudia kwa watu wengine. Mwenye kipato cha kodi cha 520,000 anapata 2,500, na hapo ndipo mwisho wa nafuu. Mwenye milioni tano naye anapata 2,500 ileile, kwa sababu viwango vya juu yake havikuguswa. Anayelipwa 250,000 hapati kitu, kwa kuwa hakuwa akikatwa. Mama lishe wa Makorora na mvuvi wa Deep Sea hapa Tanga hawamo kabisa kwenye PAYE. Ukifika kwenye mdahalo na orodha hii, nusu ya makelele yanakwisha, maana kila mtu anaona mwenyewe yuko wapi.

Sasa linganisha na punguzo la upande wa mwajiri. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, ilishuka mwaka 2023 kutoka 4% hadi 3.5%, na inamhusu mwenye wafanyakazi kumi au zaidi. Tuseme, kwa mfano wa kubuni tu, kiwanda kina watu 200 na kila mmoja analipwa 700,000. Mshahara wa jumla ni milioni 140 kwa mwezi, kwa hiyo nusu asilimia ni 700,000 kwa mwajiri. Watu haohao 200, kwa lile punguzo la PAYE tulilokokotoa hapo juu, wanapata 2,500 kila mmoja, jumla 500,000. Uchumi ukiyumba, swali la maana ni hili: ile 700,000 ya mwajiri inafanya nini? Watetezi husema itaajiri. Kwa hesabu inatosha mshahara wa mtu mmoja, tena kabla ya michango yake. Lakini mwenye kiwanda haajiri kwa sababu gharama imepungua kidogo. Anaajiri kwa sababu oda zimekuja. Kama oda hazipo, pesa ile italipa deni la benki au itakaa. Inaweza kumzuia asipunguze mtu mmoja, na hilo si dogo, ila usidai zaidi ya hapo.

Kwenye VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kosa la kawaida ni kudhani kiwango kikishuka kwa 2 basi bei inashuka kwa 2%. Bidhaa ya 118,000 yenye VAT ya 18% ndani yake, VAT ikishuka hadi 16%, inakuwa 116,000. Hiyo ni nafuu ya asilimia 1.7, tena kama muuzaji ataipitisha yote. Kanuni: gawa pointi zilizoshuka kwa jumla ya mia moja na kiwango cha zamani (hapa 2 kwa 118). Uingereza ilishusha kutoka 17.5% hadi 15% kuanzia tarehe 1 Desemba 2008, na hata kama kila duka lingepitisha punguzo lote, bei ingeshuka kwa 2.1% tu. Kwa Tanga ongeza jambo jingine: duka ambalo mauzo yake hayafiki milioni 200 kwa mwaka halilazimiki kujisajili VAT. Halitozi VAT, ila limeilipa ndani ya bei ya jumla. Nafuu ikija itapita kwanza kwa muuzaji wa jumla, na huko inaweza kuishia.

Wanaovuka Horohoro kwenda kununua Kenya hupenda kutaja kwamba Kenya iliposhusha VAT kutoka 16% hadi 14% Aprili 2020 bei zilipaswa kushuka na kwetu. Mzigo uliotoka Kenya kwa karatasi halali ulikuwa tayari unatozwa VAT ya sifuri kwa kuwa ni mauzo ya nje. Punguzo lile halikumhusu mwagizaji halali hata kidogo.

Shilingi ile ikishatoka, inakwenda wapi

Wachumi hupima kila shilingi ya punguzo inazaa shilingi ngapi za shughuli mpya, na kipimo hicho hukiita kizidishi. Huna haja ya kukikokotoa. Unahitaji kujua vitu viwili vinavyokiinua au kukishusha: mpokeaji anatumia au anaweka, na anachonunua kimetoka hapa au kimetoka nje.

Mwaka 2010 ofisi ya bajeti ya Bunge la Marekani ililinganisha njia mbalimbali za kuinua uchumi. Msaada kwa wasio na kazi uliwekwa karibu na juu ya orodha, na kupunguza kodi ya mapato kwa wote kukawekwa karibu na chini. Sababu yake si siasa: asiye na kazi anatumia yote wiki hiyohiyo, mwenye nacho anaweka sehemu kubwa. Usiyahamishe matokeo yale hadi Tanga kama yalivyo, maana sisi hatuna malipo ya wasio na kazi kwa mtindo wao. Mpangilio wa hoja ndio unaosafiri.

Cha kufanya hapa ni kuuliza watu thelathini: kumi wenye mishahara, kumi wenye maduka, kumi wa kipato cha siku kama bodaboda, wavuvi na mama lishe. Usiwaulize "ukipunguziwa kodi utatumia?" Kila mtu atajibu ndiyo. Uliza maswali matatu: mara ya mwisho ulipopata hela usiyoitarajia ulifanyia nini, sasa hivi una deni dukani au kwenye simu kiasi gani, na wiki iliyopita ulinunua nini kikubwa. Majibu yaandike papohapo, na yale ya kulipa deni yaweke safu yake. Mtu akilipa deni la duka, mwenye duka naye ananunua mzigo, kwa hiyo pesa haijafa, imechelewa tu. Akilipa mkopo wa benki, mzunguko wake Tanga ni mdogo zaidi.

Kisha pita kwenye safu ya manunuzi na weka alama. Dagaa wa Deep Sea, machungwa ya Muheza, maziwa, nauli ya daladala, fundi, saruji ya Pongwe: nyingi ya shilingi hiyo inabaki mkoani au nchini. Petroli, simu, vipuri vya pikipiki, mitumba: inatoka. Hata nauli ina petroli ndani yake, kwa hiyo usiwe mkali sana na mipaka. Watu thelathini si takwimu ya taifa na usijidai hivyo mbele ya kamati. Waeleze kuwa ni maelezo ya eneo lenu. Wabunge husikia takwimu za taifa kila siku, za Tanga hawazisikii.

Upande wa pili wa daftari

Kila shilingi ya punguzo serikali italazimika kuitafuta mahali pengine au kuacha kuitumia. Mtetezi wa punguzo asiyesema ni wapi hajamaliza hoja yake. Zipo njia tatu: kukopa, kukata matumizi, au kupandisha kodi nyingine.

Kukata matumizi ndiko kunakodhuru haraka wakati wa mdororo, kwa sababu kwa kawaida kinachokatwa kwanza si mishahara. Ni miradi na malipo ya wakandarasi. Mkandarasi asipolipwa, kokoto za Muheza hazinunuliwi na vibarua wanarudi nyumbani. Punguzo linaloweka 2,500 mfukoni mwa mwenye mshahara na kusimamisha barabara linaweza kuupunguzia mkoa pesa kuliko linavyouongezea. Kukopa ndani kuna bei yake: benki zikinunua hati fungani za serikali, yaani zikiikopesha kwa riba nzuri, hamu ya kumkopesha mwenye duka inapungua.

Angalia pia punguzo linampiga nani serikalini. PAYE na VAT huingia Mfuko Mkuu wa serikali kuu. Ushuru wa mazao ni wa halmashauri. Mwaka 2017 uliposhushwa kutoka 5% hadi 3% kwa mazao ya biashara na 2% kwa mazao ya chakula, mkulima alipumua, na halmashauri zinazoishi kwa mazao zilipungukiwa moja kwa moja. Diwani anayesimama kutetea punguzo la aina hiyo ajue anasema na bajeti yake mwenyewe.

Utakutana na hoja kwamba kodi ikishuka makusanyo yatapanda. Usiikatae kwa ubishi, ipime: gawa kiwango cha zamani kwa kipya. 9 kwa 8 ni 1.125, maana yake kipato kinachotozwa kingepaswa kukua kwa 12.5% kwa sababu ya punguzo lenyewe ili serikali isipoteze. VAT kutoka 18 hadi 16 ni 12.5% vilevile. SDL kutoka 4 hadi 3.5 ni karibu 14.3%. Mwulize anayedai atuonyeshe ukuaji huo utatoka wapi katika mwaka ambao biashara imelala. Hoja yake inapata nguvu pale tu kiwango kilipokuwa juu kiasi cha kufanya watu wakwepe, na hapo alete ushahidi wa kukwepa.

Kosa la upande wa pili ni kulinganisha makusanyo ya kabla na baada, halafu lawama zote zikatupiwa punguzo. Mdororo peke yake unashusha makusanyo: mauzo yanapungua, faida zinapungua, watu wanaachishwa kazi. Tenganisha. Chukua wigo wa mwaka huu, yaani kipato au mauzo yanayotozwa kodi, kama ulivyo, utoze kwa kiwango cha zamani na kwa kipya. Tofauti hiyo ndiyo gharama ya punguzo. Iliyobaki ni gharama ya mdororo.

Tarehe, na kugawa punguzo

Midahalo hupenda "libaki lote" dhidi ya "lifutwe lote". Waliowahi kulikabili jambo hili mara nyingi waliligawa.

Marekani iliurefusha muda wa punguzo lote la 2001 na 2003 kwa miaka miwili. Obama alitia saini tarehe 17 Desemba 2010. Muda huo ulipokwisha, sheria ya Januari 2013 ililifanya la kudumu kwa walio wengi, na kiwango cha juu kikarudi 39.6% kwa mapato yaliyozidi dola 400,000 kwa mtu mmoja na 450,000 kwa wanandoa. Kenya nayo: mwaka 2020 ilishusha kodi ya kampuni na kiwango cha juu cha PAYE kutoka 30% hadi 25%, na kodi ya mauzo ya wafanyabiashara wadogo kutoka 3% hadi 1%. Tarehe 1 Januari 2021 VAT ikarudi 16% na viwango vya 30% vikarudi, lakini mwenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 za Kenya aliendelea kutokatwa, na ile 1% ya wadogo ikabaki. Janga la Uviko-19 lililosababisha punguzo lilikuwa halijaisha, na bado walirudisha. Ukitaka kutetea au kulaumu, anza na nani aliachiwa.

Japani ya 1997 hutajwa sana: kodi ya matumizi ilipanda kutoka 3% hadi 5% mwezi Aprili, na uchumi ukadidimia. Mfano huu utumie kwa tahadhari. Mwaka uleule msukosuko wa fedha wa Asia ulizuka na benki za Japani zilikuwa na matatizo yake. Mpinzani mwenye akili atakuuliza ulitenganishaje.

Anayetetea kubakiza kila kitu asipite bila kujibu kuhusu Uingereza ya 2022. Tarehe 23 Septemba serikali ya Liz Truss ilitangaza mapunguzo makubwa, pamoja na kusogeza karibu punguzo lililopangwa la Aprili 2024, bila makadirio ya ofisi huru ya bajeti. Pauni ikaanguka, riba ya hati fungani ikapanda, Benki Kuu ikalazimika kuingia sokoni siku tano baadaye, na tarehe 17 Oktoba karibu yote yakafutwa. Wakopeshaji waliogopa kwa sababu hakukuwa na maelezo ya pesa itatoka wapi. Kwetu hofu kama hiyo ingepitia kwenye shilingi, na shilingi ikidondoka kila kituo cha mafuta kitakuambia.

Kuandika pendekezo lenu

Kurasa mbili zinatosha. La kurasa kumi halisomwi. Ukurasa wa kwanza uwe na kifungu cha sheria, tarehe, mnachotaka, na jedwali la watu watano wa Tanga na nafuu ya kila mmoja kwa mwezi. Ukurasa wa pili: gharama kwa serikali na mlivyoikokotoa, chanzo mbadala, na sharti la kukomesha. Sharti ndilo watu husahau. Kuandika "libaki hadi hali itakapokuwa nzuri" ni kutoandika kitu. Andika tarehe, au andika kipimo kinachochapishwa kwa ratiba, mfano ukuaji wa Pato la Taifa wa robo mwaka, na useme robo ngapi mfululizo. Kama mnataka kugawa, taja kiwango cha kipato kinachogawanya na sababu ya kukichagua.

Muda ndio huua mapendekezo mengi mazuri. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na hotuba ya bajeti husomwa Juni. Kufikia hotuba, mengi yameshaamuliwa. Mapendekezo ya kodi Wizara ya Fedha hupokea miezi mingi kabla, kupitia kikosi kazi chake cha maboresho ya kodi, na njia nyepesi kwa kikundi kidogo ni kupitia chemba ya wafanyabiashara ya mkoa. Mwezi Juni Kamati ya Bunge ya Bajeti hukaribisha wadau kutoa maoni juu ya Muswada wa Sheria ya Fedha. Pale nenda na kurekebisha neno la kifungu, au tarehe, au kiwango. Wazo jipya kabisa mwezi huo halina pa kukaa. Nakala mpe mbunge wenu mkononi akiwa jimboni, na umweleze jedwali kwa dakika tano. Jedwali ndilo atakalolitumia akisimama.

Wakati Bunge linabishana

Mwenye biashara anayelipa kodi ya mapato kwa makadirio hana haja ya kusubiri mjadala. Kwa anayefuata mwaka wa kalenda, awamu ni 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Mauzo yakianguka Mei, kulipa awamu ya Juni kwa makadirio ya Machi ni kuikopesha serikali hela ya mtaji. Peleka makadirio yaliyorekebishwa TRA (Mamlaka ya Mapato) kabla ya awamu inayofuata, ukiambatanisha mauzo ya mashine ya EFD (ya risiti za kielektroniki) ya miezi husika, hati za manunuzi na taarifa ya benki. Usishushe kupita ukweli, kwa sababu mwisho wa mwaka hesabu halisi ikizidi sana makadirio, riba inakufuata. Na kama huna kumbukumbu zilizopangwa kwa mwezi, anza na mwezi huu. Ofisa hawezi kukubali anguko ambalo karatasi zako hazilionyeshi.